Mapazia ya Lori Yako Chumbani Kwangu

Mpendwa mshauri Mama Pudentienne, naomba msaada, na nakusihi usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni dereva wa malori, nakaa Biryogo hapa Kigali, na kwa miaka kumi na nne nimeendesha magari ya watu mpaka Dar es Salaam na kurudi, na sasa mwaka huu wa 1992 Mungu amenijalia nataka kununua la kwangu mwenyewe, na pale Gikondo yapo mawili yanauzwa na mwenyewe anataka jibu mwisho wa mwezi. La kwanza lina kitanda nyuma ya kiti, hilo ni la safari ndefu, maana tangu njia ya Gatuna ya kwenda Uganda ifungwe kwa ajili ya vita sote tunapita mpaka wa Rusumo, siku kumi na mbili, kumi na tano, na ukiwa huna kitanda unalala kwenye viti gia inakuchoma mbavu. La pili halina kitanda, ni la kupakia saruji asubuhi, kushusha Gitarama au Butare na jioni kurudi nyumbani, na tajiri mmoja ameshaniahidi mzigo wa kila siku, kwa hiyo usihofu njaa, yote mawili yatatulisha.

Mke wangu Spéciose anataka lisilo na kitanda. Nikamwambia sawa. Halafu, mama, nikaenda kwa fundi cherehani Mukasine nikaagiza mapazia ya kitanda cha lori, mekundu, yenye nyuzi za dhahabu zinazoning'inia, kwa sababu sisi madereva tunaanzia hapo, gari bila mapazia ni toroli tu, na nikasahau kumwambia Mukasine kuwa ni siri, naye kwa wema wake akayaleta mpaka nyumbani. Spéciose akayakunjua, akayapima kwa mkono, akaniuliza, "Silvère, hii rido iko ya dirisha gani? Sisi hatuna dirisha ya hivi." Nikasema ni zawadi. Hakugomba. Akayatundika kwenye kitanda chetu, upande wangu tu, akasema, "Haya, shoferi, lala." Hii ni wiki ya pili nalala nyuma ya mapazia.

Sasa nikwambie ambalo hata yeye sijamwambia: si tamaa ya fedha wala mwanamke wa njiani, naapa. Naogopa kukaa nyumbani. Siku tatu naziweza, napikiwa vizuri, naulizwa habari za Dar, lakini siku ya nne kila ninapokaa ndipo wanapotaka kufagia, na binti yetu Liliane, miaka sita, nikibisha hodi bado anapiga kelele, "Mama, umushyitsi amekuja!" yaani mgeni, nami nacheka lakini inaniuma. Je, nikikaa moja kwa moja wakanichoka? Ninunue lipi?

Silvère, dereva, Biryogo

Silvère, nimecheka. Nilijitahidi mpaka kwenye nyuzi za dhahabu, nikashindwa. Mwongo mwenye akili angeagiza kitambaa cha kijivu.

Pole kwa hofu yako, ni hofu ya kweli, na wanaume wachache wangeiandika. Lakini macho yako yanaona barabara tu. Mwanamke mwingine angeyawashia moto mapazia hayo. Wako ameyatundika upande wako! Hujaelewa? Amekutengenezea kitanda cha lori ndani ya nyumba, ili usiende kukitafuta nje.

Na huyo mtoto anapiga kelele mlangoni kwa furaha. Anakuita mgeni kwa sababu siku ya nne huwa umeshawasha injini. Wewe ndiye unayewakimbia kabla hawajapata nafasi ya kukuchoka. Wakitaka kufagia ulipokaa, inua miguu. Ikishindikana, shika ufagio mwenyewe.

Sasa sikiliza. Leo hii mwambie Spéciose yote uliyoniandikia, pamoja na hofu, usimpunguzie hata neno. Haiwezekani nijue mimi na wasomaji wote wa gazeti hili, yeye asijue. Na ufanye haraka, kwa sababu umeweka jina lako na mtaa wako, na Mukasine anasoma gazeti.

Kisha nendeni Gikondo nyote watatu, Liliane awe wa kwanza kupiga honi, na ununue lisilo na kitanda. Kitanda chenye mapazia unacho tayari.