Swali ya kwanza kwa mwalimu

Siku ya tatu, mangaribi

Swali yenyewe haiko mubaya. Kazi yangu njo kuuliza. Tangu nitoke ku televizyo ninajiambia vile, na haisaidie.

Mu emisyo yangu ya leo nilikuwa na bageni babili. Depite wa chama cha serikali nilimuita "Onorable", na wakati alishindwa kueleza juu ya barabara ya Bukama, nilimusaidia jibu. Kisha nikageukia mwalimu wa upinzani. Swali ya kwanza:

"Mwalimu, weye uko muntu wa wapi?"

"Wa hapa Kamina. Nilizalikwa pembeni ya gare ya treni."

"Hapana, kwenu kabisa kabisa."

Nilisema vile na kucheka. Yeye hakucheka.

Bibi yangu, mama ya Nadine, aliangalia yote ku nyumba. Bazazi bake balitoka Kasai, lakini yeye alizalikwa hapa, sawa ule mwalimu. Mu 92, mbele ya kufukuza bantu ba Kasai hapa, balibauliza swali ile ile. Nilijua. Ninajua tangu tuoane, na bado nika...

Aliweka bukari ku meza, akabaki wima.

"Na miye, Papa Nadine? Kwetu kabisa kabisa njo wapi?"

Nilitafuta jibu. Hakuna mwenye alinisaidia.