Barua Isiyopitia kwa Baba Mdogo

3 Machi

Binti yangu, roho yangu,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananinung'unikia. Kompyuta uliyonitumia nimeiweka katikati ya cherehani mbili, na kila mteja nampa habari zake hata kama hajauliza: "Hii inaendeshwa na Linux, kaiweka binti yangu kwa mkono wake!"

Maelekezo ya kuweka programu ya barua pepe nimeyafuata. Jioni ile maandishi yalikimbia kwenye kioo, nikafurahi, nikafunga duka nikaenda zangu. Asubuhi ikagoma. Kila nikirudia, inasema kuna kazi ya mwanzo haijakwisha.

Baba yako mdogo kaja, kacheka hadi kakohoa. "Shemeji, nitakuletea fundi wa ofisini aifute yote. Barua zenu nitaendelea kuwapokelea." Kutupokelea! Zinaingia sanduku la posta la ofisi yake, anafungua, anasoma, ndipo ananiletea zimekunjwa ovyo. Nimemwambia atakayeigusa hii mashine atatoka na sindano kidoleni.

Niambie nimekosea wapi. Sishindwi mimi.

Mama yako


29 Machi

Mama yangu, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi sijambo. Nawe Baba Mdogo, najua unasoma kabla ya mama, shikamoo pia.

Mama, jioni ile ulipofunga duka, si ulizima swichi kubwa ya ukutani kama kawaida yako? Basi ndiyo hiyo. Umeme ulikatika programu ikiwa katikati. Ni kama kuchomoa nguo kwenye cherehani wakati mshono haujafika mwisho, halafu unataka kuanza mwingine juu yake. Iambie imalize kwanza ule wa zamani. Andika hivi, kama ilivyo:

sudo dpkg --configure -a

Itataka neno la siri. Ukiliandika hutaona hata herufi moja, lakini usidhani imekufa, inakusikia. Neno lenyewe ni lile jina nililoipa cherehani yako kuukuu nilipokuwa mdogo. Silitaji hapa, Baba Mdogo, utanisamehe. Ikimaliza, rudia maelekezo ya kwanza, na swichi usiiguse.

Mama, nina jambo la kukwambia. Kwenye karatasi siliandiki.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu, hujambo? Barua pepe hii naiandika kwa vidole viwili, lakini ni vyangu mwenyewe!

Ni swichi kweli. Tangu nianze kushona sijawahi kutoka dukani bila kuizima, mkono unaenda wenyewe. Safari hii nilikaa na mashine kama nauguza mtoto. Neno la siri nililiandika mara tatu, kwa vile sikuona kitu nikadhani nimelikosa, kumbe nilikuwa nabonyeza kwa woga. Mara ya nne nikabonyeza kama mwenye nyumba. Ikamaliza mshono wa zamani, ikaanza mpya, na leo wateja wote wamejua, hata waliokuja kuuliza vifungo tu.

Baba yako mdogo katoka hapa sasa hivi. Kasimama nyuma yangu, kanyoosha shingo: "Haya, anasemaje?" Na wewe hata hujaniandikia! Nikageuza kioo kikatazama ukuta, nikamwambia, "Anakusalimu sana." Akasema mimi nimekuwa jeuri. Nikamwambia ndiyo, na amwambie na fundi wake.

Mlango nimefunga, nimebaki peke yangu. Lolote lile, mwanangu, sema.

Mama yako