Jibu Lililonitoka Mdomoni

Beiuș,
9 Machi 1984

Mpendwa Mjomba Gavril,

Kabla ya yote nakusihi: ukimaliza kusoma, choma karatasi hii. Hata Shangazi Hermina asiione. Dereva aliyekuletea hajui kilichomo.

Shikamoo, Mjomba. Habari za Vienna, na kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila Mama analalamikia magoti kwa baridi.

Ofisini nilikuwa nimejificha vizuri. Hakuna aliyejua kuwa nasali na Wabaptisti. Jumanne mkuu wetu, Komredi Hodișan, alipita nyuma yangu nikipiga chapa, akasema kwa upole, kama ndugu wa kanisani anavyosalimia, "Amani!" Nami, kwa mazoea ya tangu utotoni, nikajibu, "Amani ya Bwana."

Mashine zote zilinyamaza. "Haya, kuku katetea mwenyewe!" akacheka. Kisha akaniinamia. "Usiogope, binti. Nitajie tu anayewabatiza vijana mtoni bila kibali. Jumatatu unipe jina, kazi yako ibaki."

Mbatizaji huyo unamjua, Mjomba. Ndiye aliyekubatiza wewe.

Tangu hapo sauti ile inanifuata. Jana Mama alinisalimia "Amani!" mlangoni. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

Nisikufiche, jina lilikuwa limeshafika ulimini. Nilikwenda kwa Dada Raveca wa kwaya, nikamwambia mimi si Mkristo wa kweli. Alikuwa ananyonyoa bata bukini, wala hakuacha.

"Nani kakudanganya kuwa Yesu anaajiri mashujaa? Alikupenda ukiwa mwoga hivyo hivyo. Huna cha kumlipa. Ukimtii, mtii kama mtoto wa nyumbani, si kama mtumwa anayekwepa fimbo. Haya, shika bawa hili, acha kunililia manyoya yakalowa."

Bado naogopa. Lakini nilikuwa nawaogopa wawili, Mungu na Hodișan. Sasa amebaki mmoja, yule wa ofisini.

Jumatatu nitamwambia sina jina la kumpa.

Msalimie Shangazi kimoyomoyo, na binamu yangu Cornelia, na mtoto wake. Bwana awalinde huko ugenini, awape usingizi.

Mpwa wako akupendaye,
Estera

Ukiwa na neno, mpe dereva huyu huyu. Asije ofisini, wala nyumbani. Aende kiwanda cha matofali, upande wa tanuri, wanakoajiri wanawake wa kubeba, aniulizie. Buti zangu za kazi nimeshazipeleka huko.