Mahali pa Kulaza Phoenix

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Natangaza rasmi: baiskeli yangu, Phoenix, haina makazi.

Sisi wa Mabatini tunaoishi juu ya mawe hatupandi mlimani na baiskeli. Miaka yote tulizilaza chini, kando ya Mto Mirongo, uani kwa Mzee Ndalahwa. Bila kufuli. Hakukuwa hata na mlango! Asubuhi unachomoa yako, unamwamkia, unaondoka. Ndalahwa tumemzika. Wanawe wamepangisha ua, sasa ni duka la redio. Biashara huria — huria kwa nani, sijui.

Na Jumapili nimemwahidi mke wangu ziwa. Magoti yamemgomea Felicitas, tangu Pasaka hajashuka. Daladala hawezi, miguu haikunjiki. Kwenye keria anakaa upande, kama zamani, njia ile ile ya mto.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimejaribu kwa Dorotea muuza chapati. Eti, "Baba Odeta, mimi hata masufuria nalala nayo!"

Jana niliibeba begani hadi nyumbani. Jirani Chenge, Msukuma mwenzangu, kaniona: "Ngosha, leo baiskeli imekupanda!" Bega halijanisamehe.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimepata! Shemeji Muganyizi, kaka yake Felicitas, ana duka la vipuri hapo chini. Milango ya nondo, kufuli kubwa kama kobe. Kanitania kwanza — nyie Wasukuma lindeni ng'ombe, chuma tuachieni Wahaya. Nikameza. Phoenix nimeiingiza mwenyewe, nikaifuta vumbi.

Felicitas katoa kitenge cha bluu. Ndicho alichovaa siku ya kwanza nilipompakia. Alipiga kelele toka darajani hadi ziwani. Nilidhani anaogopa — kumbe anaimba.

Jumapili, 12 Septemba

Tumeshuka jiwe moja moja, kanishika bega. Kwenye lile pana akapumzika. Anasema mto ulikuwa msafi, bwana. Ulikuwa.

Sasa tumekaa kibarazani kwa shemeji. Phoenix naiona ndani ya nondo. Salama kabisa! Nimegonga, nimeita. Kaja mlinzi wa duka la pili: tajiri kapanda meli jana jioni, kaenda msibani Bukoba. Funguo anazo.

Felicitas kauliza, ulimwambia tunaihitaji leo?

Sikumwambia. Kwa Ndalahwa tulikuwa tunaambizana?

Kacheka hadi machozi. Halafu kayatazama mawe tuliyoshuka.

Meli inarudi Jumanne.