Kikulabu cha Waya Nilichokimeza

Mbeya,
tarehe 9 Agosti, 1957

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa, Mama Lea,
Iringa.

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba mistari hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Lea na wajukuu, na kwamba baridi ya huko haijayaumiza magoti yako kama mwaka jana. Sisi huku umande umetugandia mara tatu juu ya majani ya viazi, lakini tunaendelea vizuri. Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako ya mwezi wa Mei ilinifikia salama, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na kila Jumapili nilipokifungua niliiona nikaona haya. Sikuwa na shughuli yoyote iliyonizuia. Kilichonizuia utakiona kabla hujafika mwisho wa karatasi hii, nami nakusihi unisome kwa subira, maana nataka kukieleza kwa mpangilio wake.

Shemeji, nimemeza waya. Nakutoa hofu kwanza: umekwisha toka, nami sina maumivu.

Ilikuwa Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Jirani yetu Sedekia na mkewe Marta walinialika kula nao kande baada ya sala ya nyumbani. Nilikuwa nimevaa meno ya bandia, lile bamba dogo la meno matatu ya mbele, linaloshikwa na vikulabu viwili vya waya kwenye magego. Katika kutafuna nilihisi kitu kigumu kati ya mahindi. Nilidhani ni jiwe. Nawe wajua jinsi tulivyolelewa: mgeni hatemi jiwe mbele ya mwenye nyumba, asije akamwambia kwamba hakuchagua maharagwe yake vizuri. Basi nikalimeza kwa adabu, nikamshukuru Marta kwa chakula. Baadaye ulimi wangu ulikwenda upande wa kushoto ukakuta bamba linacheza. Kikulabu hakikuwapo.

Niliendelea kukitafuta kwa ulimi, hata Marta akaniuliza kama nimekumbuka deni. Ikanibidi niseme. Naye, ambaye siku zote nilimwona mwanamke wa maneno mengi, alikuwa na akili kuliko sisi wanaume wawili. Hakupiga kelele. Aliniamuru nisali Baba Yetu kwa sauti, toka mwanzo hadi Amina, bila kupumzika. Nilipomaliza pasipo kukohoa wala kukwama alisema waya haukuingia kwenye njia ya pumzi, maana mtu aliyekabwa hafiki hata kwenye mkate wa kila siku. Alisema ningekohoa au kupiga mluzi kifuani, wangenibeba saa ileile.

Hapo ndipo waliposhindana. Sedekia alitaka nitie kidole kooni nitapike. Marta alimwuliza kama yeye akichomwa na mwiba akiingia kichakani hupenda kuchomwa tena akitoka. Mwenyewe alitaka ninywe kikombe cha mafuta ya nyonyo ili niharishe upesi. Sedekia akamjibu kwamba tumbo la mzee si mfereji wa shamba. Mimi nikiwa mgeni sikutaka kumwonea mmoja wao kwa kumfuata mwingine, kwa hiyo nilikataa yote mawili, nikaomba nisindikizwe hospitali.

Nilifurahi baadaye kwa uamuzi huo wa uoga, maana Bwana Mganga alisema wote wawili walikosea. Kutapika kungeweza kuurudisha waya uchane koo, na dawa ya kuharisha hulisukuma tumbo kwa nguvu wakati kitu chenye ncha kinatakiwa kipite polepole. Alinisifu kwa kuja mapema na kwa kuleta bamba lenyewe mfukoni, akalipima kwa rula na kuandika urefu wa kikulabu kilichobaki, ili ajue ndugu yake aliyepotea ana ukubwa gani.

Kisha nikapigwa picha. Mama Lea, sijui kama umewahi kuiona picha ya namna hiyo. Unasimama kifua wazi mbele ya ubao baridi, unaambiwa uzuie pumzi, na mashine inavuma. Nilipooneshwa niliona mbavu zangu zimepangwa kama fito za ghala, na chini yake, mahali palipo peusi, pamekaa kitu kidogo cheupe kilichopinda. Nilikuwa nimeogopa kuja, lakini mbele ya picha ile hofu iliniondoka nikabaki na maswali tu. Nilimwuliza Bwana Mganga kipo wapi sasa, kitapita wapi, kinajuaje njia. Alinichorea matumbo kwenye karatasi, akaniambia yakinyooshwa yanazidi urefu wa chumba tulichokaa. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa pale, aitwaye Mika akanishauri nisiende mtoni kwa siku kadhaa, kwani samaki wakisikia nina ndoano tumboni watahama.

Niliambiwa nile chakula changu cha kawaida, nisinywe dawa yoyote bila kuuliza, na nirudi mbio kama nitapata maumivu makali ya tumbo, au homa, au kutapika, au damu. Zaidi ya hayo niliambiwa nichunguze choo changu kila siku. Uniwie radhi kwa kukuandikia habari kama hii. Nilitumia kipande cha chandarua kikuukuu na maji ya mfereji, nyuma ya nyumba, na kila asubuhi Marta alipita njiani akiuliza kwa heshima kubwa kama posta imefika.

Siku ya pili hapakuwa na kitu, wala ya tatu. Usinicheke, lakini nililala kwa makini, kama mtu aliyebeba yai. Nilikuwa nikijibonyeza tumbo kidogo hapa na pale, nikijaribu kukisia kimefika pembe gani ya ule mchoro. Siku ya nne kikatoka, kizima, hakina hata kutu.

Nilikipeleka hospitali nikidhani mambo yamekwisha. Bwana Mganga alikilinganisha na kipimo chake akaridhika kwamba hakuna kipande kilichosalia. Lakini alilishika bamba akaligeuzageuza kwenye mwanga. Aliniuliza nani ameukunja waya kwa koleo. Nikakiri ni mimi, tena mara nyingi, ili bamba likae. Akasema ndiyo maana ulikatika, na kwamba hata kikulabu cha pili kimekwisha pata ufa, nisilivae tena. Akaniagiza nilirudishe kwa fundi aliyelitengeneza, kwa kuwa fundi hutunza vipimo vya kinywa cha mwenye meno. Aliniuliza fundi yuko wapi. Nikasema Iringa.

Mama Lea, vipimo alivyo navyo fundi yule si vya kinywa changu. Ni vya Jailos.

Siku ile ya mazishi ulinipa meno ya kaka yangu yakiwa yamefungwa katika leso nyeupe, ukaniomba nimvalishe kabla sanduku halijapigiliwa, kwa sababu hakupenda kuonekana bila hayo hata na watoto wake. Mimi nilikuwa ndugu wa mwisho kutoka chumbani. Ulipokuja mlangoni ukaniuliza kama nimemvalisha, nilikujibu ndiyo. Nilikuambia uongo, na leso ilikuwa mfukoni mwangu.

Sikuyachukua kwa ajili ya kutafunia. Tangu Jailos apate meno yale alikuwa na namna yake ya kutamka, ulimi ukigusa bamba kidogo mwisho wa neno, nawe waijua kuliko mimi. Nilipoyaweka kinywani mwangu peke yangu, penye pengo kama lake, nikasoma Zaburi kwa sauti, nilimsikia yeye. Basi kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikisoma hivyo, hata kwenye sala ile ya kwa Sedekia, ambako nilisahau kuyavua kabla ya kula. Nilikunja waya ili nisimpoteze. Katika barua yako ya Mei uliandika kwamba jambo linalokutuliza ni kujua kuwa mumeo amelala akiwa kamili kama alivyotaka. Baada ya kusoma hayo, ningekujibu nini?

Kwa hiyo nakurudishia meno, pamoja na kikulabu, nilichokichemsha mara tatu kwa sabuni. Ukiamua yafukiwe kaburini pake, nitakuja kuchimba kwa mkono wangu, mbele yako na mbele ya Lea. Ukiamua vingine nitatii. Na kama hutaki kuniona kwa muda, nitaelewa, wala sitalalamika kwa mtu yeyote. Siombi unijibu upesi.

Wasalimie wajukuu. Marta na Sedekia wanakusalimu.

Anayekuletea barua hii na kopo dogo ni Yudith, mke wa mwinjilisti wetu, anayekwenda Iringa kumwuguza dada yake. Aliniuliza kopo lina nini, nikamwambia ni mali ya marehemu kaka yangu, na kwamba asilikabidhi ila mkononi mwako.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukukosea,

Eliezeri