Misemo ya Kizungu Iliyobaki Kinywani Mwako

Baba Kahindi, mume wangu Mwalimu,

Nimekaa barazani na daftari lako moja lililobaki na kurasa nyeupe. Najua ungeshika kalamu nyekundu. Nisamehe nukta na vituo, mimi ni yule yule wa darasa la saba uliyemwoa hapa Marafa, na ulijua tangu mwanzo unamchukua nani. Mchungaji ndiye aliyenishauri. Amesema linalonikaa kooni nilitoe kwa maandishi, maana kwenye maombi nalizunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nataka kukwambia habari ya misemo yako. Ile ya Kizungu, ya anayeweza na asiyeweza. Kila mwaka mtihani ukikaribia ulikuwa unaiandika nyuma ya kalenda za zamani kwa wino mzito, na kabla hujaipeleka shule ulinijaribia mimi kwanza. Mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi, wewe umesimama mlangoni umeitandaza kalenda kama muuza kanga. Ukasema kazi rahisi Wazungu huiita kipande cha keki. Nikakuuliza keki gani, maana hapa kwetu keki tunaiona harusini, na ukipata kipande ujue umepigania. Kwetu kazi rahisi ni kumsukuma mlevi. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia la mahindi.

Mtu asiye na mkono wa kazi, ukasema, huambiwa ana vidole gumba vitupu. Huo haukutaka maelezo. Nilikutazama tu, mwanamume aliyefunga kuku miguu na kuku akaenda zake na kamba. Ukaniambia, "Mama Kahindi, mfano usimtazame mwalimu."

Anayeijua kazi yake huifanya amefumba macho, au mkono mmoja umefungwa mgongoni. Aliyeingia jambo linalomzidi, maji yamempita kimo. Na mbwa mzee hafundishiki mchezo mpya. Hapo ulinigusa bega, nami nikakupiga na mwiko. Hivyo ndivyo nilivyopata Kizungu changu chote. Siwezi kuomba maji kwa Kizungu, lakini naweza kumwambia mtu kwamba hawezi.

Kisha kiharusi kikakuangusha mbele ya ubao, chaki mkononi. Upande wa kulia wote ukalala na maneno yakaondoka. Kiswahili chako kilichonyooka kilikwenda. Kigiriama cha mama yako kilikwenda. Jina langu lilikwenda. Ikabaki misemo ile, mizima, na sauti yako ile ile ya darasani. Nakuuliza uji umekolea sukari, unanijibu kwa Kizungu maji yamekupita kimo. Kahindi anapiga simu kutoka Mombasa, nakuwekea sikioni, unamwambia mbwa mzee hafundishiki. Mtoto akacheka, halafu nikasikia kicheko kinageuka, nikaondoa simu. Jirani yetu Mama Zawadi akasema, "Shoga, mumeo sasa ni wa watalii." Nilicheka naye. Nilikuwa nacheka na kila mtu wakati ule, ndivyo nilivyopita siku.

Yule nesi wa zahanati, binti wa bara mwenye huruma, alinikalisha chini akanieleza. "Mama, usisikize mdomo. Hayo maneno yanajitokea tu, kama kwikwi. Sikiza mkono." Akanionyesha nikupe vidole vyangu kwenye mkono wako wa kushoto, ule mzima, nikuulize neno moja moja. Ukifinya ni ndiyo. Usipofinya ni la. Na kweli, Mwalimu, ulikuwa unafinya. Uji, ukafinya. Jua limekuzidi, ukafinya. Nikauliza kama unanijua mimi ni nani, ukafinya kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonileta kwenye daftari.

Alhamisi ile akina mama wa kanisa walikuwa waje kukuombea. Nilikuwa nimeshawaambia unaendelea vizuri. Ukweli ni kwamba wewe ulikuwa unasimama kwa kuwa nimekufunga shuka kiunoni na kuishika kwa mikono miwili, na mgongo wangu unajua. Lakini nilitaka ushuhuda. Nilitaka waingie uani wakukute umesimama peke yako, waanze kuimba kabla hawajakaa. Asubuhi hiyo nimeshakuogesha, nimekuvika shati la bluu, nikakusimamisha pale kwenye sakafu ya simenti. Nikakuuliza, "Mwalimu, nikikuachia utaweza?"

Ukasema kwa Kizungu safi, "Kipande cha keki."

Miezi yote ile ilikuwa mara ya kwanza jibu la mdomo wako kulifuata swali langu. Nilifurahi kama msichana. Nikaona umerudi. Sikukupa vidole, mikono yangu yote ilikuwa kwenye shuka, na ingebidi nikukalishe kwanza ndipo nikuulize kwa mkono, kama nilivyofundishwa. Sikutaka kukukalisha. Nikaachia.

Ulisimama, labda kwa muda wa kusema Baba Yetu uliye mbinguni, usifike mbali. Kisha ukaenda upande wa kulia kama mti uliokatwa, na sauti ya nyonga yako kwenye simenti sitaiandika. Akina mama walikukuta chini. Waliimba vilevile, wakiwa wanakubeba.

Malindi hospitali walisema mfupa umevunjika, na baadaye kifua kikajaa. Mzee mmoja wa Adu kwenye kitanda cha pili alikusikia ukisema mambo ya mikono iliyofungwa mgongoni, akaniuliza kama wewe ni Mzungu uliyebabuliwa na jua. Nikamwambia ndiyo, nilikuokota Watamu, ufukweni kwa watalii. Hata pale, unaona, nilikuwa bado najua kutania.

Kitanda chako kilisogezwa ukutani, mkono wako wa kushoto ukawa upande wa ukuta. Mimi nilikaa kulia, pale palipokuwa na nafasi ya kiti.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, saa saba mchana. Nakufuta mdomo kwa leso. Ukatoa msemo ambao hukuwa umeusema tangu uugue. Huo uliwahi kunifundisha kwa kuwalinganisha waimbaji wawili wa kwaya, ambao mimi sikuwa hata mmoja wao. Kwamba mtu akimzidi mwenzake mbali sana, yule mwenzake hafai hata kumshikia mshumaa afanye kazi. Ulisema, kwa utaratibu, kama unayesomea darasa waandike. "Hawafai hata kukushikia mshumaa."

Nikasimamisha leso. Miaka ishirini na minane, Mwalimu, hukuwahi kunisifu. Sikulaumu, wanaume wa kwetu husifu kwa kumaliza sahani. Nikauliza, "Ni mimi?" Na mkono niliokuwa nimeushika ni wa kulia, ule uliolala. Nilingoja ufinye. Nilijua haufinyi na bado nilingoja. Nikainuka niupitishe mkono wangu ukutani niufikie wa kushoto, shuka zimebanwa chini ya godoro, nesi wa wodi akaja kubadilisha maji ya dripu, na nilipoufikia wewe ulikuwa umeshalala usingizi. Nilikuuliza tena jioni, na kesho yake. Vidole vyako vilikuwa baridi, havikufinya, nami nisijue ni la au ni nguvu zimekwisha. Siku ya tatu ukaenda.

Tulipokuzika, kakako mkubwa aliniita mbele ya wazee, kama ilivyo desturi, anayeuguza aulizwe marehemu ameacha neno gani. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake. Nikasema, "Hakuacha neno." Akaniuliza mara ya pili, kwa upole, hata salamu? Nikarudia vile vile. Nilimwona Kahindi anainamisha kichwa, alikuwa anangoja chochote.

Ningefanyaje? Kama maneno yako ya hospitali yalikuwa yako kweli, basi na ya asubuhi ile yalikuwa yako, na wewe mwenyewe uliniambia unaweza, na mimi nilikutii tu mume wangu. Kwa hilo naweza kupata usingizi. Lakini nesi alinieleza mapema, na nilielewa. Yale ya uani yalikuwa kwikwi. Mimi niliyachukua kwa sababu yalinipendeza. Basi haya mengine, yanayonipendeza zaidi, nayachukua kwa haki gani? Nikiwapa watoto sifa ile kama wosia, itanibidi niwape na kauli ya kwanza, ile ya keki, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuua, kwa mikono yangu. Nimejaribu kuyatenganisha. Nimefunga, nimeomba. Hayatengani.

Mchungaji huniambia nivumilie, tutaonana. Naamini, sijawahi kuacha kuamini. Lakini ni yeye huyo aliyetusomea kwamba kule hakuna kuoa wala kuolewa, watu watakuwa kama malaika. Nimelifikiria sana hilo nikipepeta mchele. Utakuwa umerudishiwa maneno yako yote, hata Kigiriama. Lakini hutakuwa mume wangu, wala mimi mkeo, na sidhani kama mgeni anaweza kumsimamisha mwenye utukufu amuulize habari za saa saba mchana hospitalini, kama alikuwa anamsema yeye.

Pumzika, Mwalimu. Mahindi tumevuna, si mabaya.

Mimi niliyekuwa mkeo,
Mama Kahindi