Kifungu Changu cha Nne

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na leo nimejichukia kidogo, kwa hiyo naandika.

Mwezi uliopita komini, yaani manispaa yetu, iliipa kabineti yetu ya uwakili, yenye mawakili wawili na meza moja, mkataba wa kutetea watu wasioweza kulipa wakili. Komini inatulipa, mshitakiwa halipi kitu. Mkuu wa komini aliogopa kwamba wafanyabiashara wenye magari makubwa nao watakuja kutetewa bure. Mimi, kwa kiherehere changu, nikanyoosha mkono: kila mtu alete kwanza cheti cha umaskini kutoka kwa shefu wa kartie yake, mtaa anaoishi. Wakaandika. Kifungu cha nne. Nilirudi nyumbani nikijiona mwanasheria kwelikweli.

Heri ningefunga mdomo.

Nilisahau jambo ambalo hata mama yangu angenikumbusha: Goma hii hakuna mtu anayekwenda ofisi ya Leta, yaani ya serikali, na nguo za kazi. Mtu huazima. Kitenge kwa jirani, viatu kwa shemeji, manukato kwa yeyote aliye nayo. Maskini wangu wote wanafika kwa shefu wakinukia vizuri, shefu anawatazama kutoka kichwani hadi miguuni, na cheti hakitoki. Jana nilipeleka ripoti ya kwanza: waliotetewa, hakuna. Mkuu wa komini alifurahi sana kusikia kwamba kwake hakuna maskini.

Leo ilikuwa zamu ya Mama Riziki. Mume wake anabeba mizigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Amefungwa kasho, sasa ni wiki ya pili, kwa ajili ya gunia la makala ya kupikia ambalo anasema alilishusha pale pale alipoambiwa. Kesho anafikishwa mbele ya jaji, na bila cheti siruhusiwi kufungua faili lake. Nikaamua kumsindikiza mama kwa shefu mimi mwenyewe.

Alikuja na kitenge kilichonyooka, hereni na kilemba. Mimi nilikuwa nimetoka kuanguka na pikipiki kwenye matope, suruali imechanika gotini.

Shefu alitutazama wote wawili, akavuta karatasi, akaniuliza mimi jina.

"Huyu namusainia sasa hivi," akasema. "Na huyu mama, si anaweza kumulipia wakili?"

Nikamweleza kwamba wakili ndiye mimi. Alinipa pole, tena ya dhati, lakini cheti cha mama hakutoa.

Tulipotoka nje nilimwambia Mama Riziki akavae nguo zake za shamba, turudi saa nane. Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kortini.

"Maître, bwana yangu banamuita mwizi," akaniambia polepole. "Na miye nikuje mbele ya Leta muchafu? Batasema njo kweli, ni mwizi."

Niliona aibu, na mpaka sasa ninaiona.

Kesho nitasimama mbele ya jaji bila cheti. Komini ikikataa kuilipia kesi hii kwa sababu ya kifungu changu, na ikatae. Nitamtetea hivyo hivyo, kisha nitakwenda kuomba kifungu kifutwe. Maana Mama Riziki ameanza kumtetea mume wake tangu asubuhi, alipokuwa akipiga pasi kitenge cha jirani. Mimi ndiye niliyechelewa.